Kukuza programu ndogo mbele ya wakubwa: mwongozo kwa anayetengeneza peke yake

Tuseme umetengeneza programu ya simu ya kutunza hesabu za kikoba. Umeiandika usiku baada ya kazi, iko Play Store, na walioipakua mpaka sasa ni ndugu, jamaa na wenzako wa chuo. Upande wa pili wapo wenye misuli. Mabenki yana akaunti za vikundi, Vodacom Tanzania wana M-Koba tangu 2019, na wote wana mabango, mawakala na majina ambayo mama wa Mbagala hahitaji kuelezwa. Wewe una kompyuta mpakato na bando la wiki.

Nimechukua vikoba kwa sababu washindani wake ni wakubwa kweli na kazi yenyewe ina mambo mengi madogomadogo. Anayetengeneza programu ya duka la dawa, ada za chekechea au mauzo ya maziwa abadilishe majina tu, mwendo ni uleule. Msomaji wa Kenya asome chama kila ninaposema kikoba.

Msimamo wangu nauweka mapema. Ukifanya anachofanya mkubwa kwa bei nafuu kidogo na rangi nzuri zaidi, umekwisha. Tafuta kazi ambayo ukubwa wake wenyewe unamzuia kuifanya, hata kama anaijua na pesa anazo.

Hatua ya 1: Soma pembeni mwa daftari

Kila kikoba kina katiba yake, na hakuna mbili zinazofanana. Hapa hisa ni 2,000, pale ni 10,000. Hapa mwanachama anaruhusiwa hisa moja hadi tano kwa kikao, pale anaweka anavyoweza. Riba ya mkopo kwa wengine inakatwa palepale, kwa wengine inalipwa kila mwezi. Kuna faini ya kuchelewa, faini ya simu kuita kikaoni, faini ya kutokuja msibani. Mfuko wa jamii unatoa kiasi fulani kwa kufiwa na mzazi na kiasi kingine kwa kujifungua.

Benki haiwezi kubeba hayo yote. Inahitaji bidhaa moja iliyopitishwa na wanasheria, iliyofundishwa kwa mawakala wote na yenye maelezo yanayotosha kwenye kipeperushi. Kikundi kinachosema faini ya kuchelewa ni 500 ila mwenye mtoto mchanga anasamehewa hakina nafasi katika mfumo huo. Kwako kinayo. Ni mistari michache ya msimbo wa programu.

Kwa hiyo kabla ya kuongeza kitu chochote kwenye programu, omba ruhusa kwa mwenyekiti ukae nyuma kwenye vikao vya vikundi vitatu au vinne visivyojuana. Usiende kuonyesha programu. Nenda ukaangalie daftari la kaunta la katibu, hasa yale maandishi madogo yaliyobanwa pembeni mwa mistari: "katoa nusu, nusu Jumapili", "kaweka kwa niaba ya wifi yake", "deni hili tumelisamehe, kikao cha tarehe 14". Kila neno la pembeni ni jambo ambalo safu za daftari hazikulitegemea. Fomu ya mkubwa nayo hailitegemei. Yakusanye, uone yanayojirudia kikundi hadi kikundi. Hiyo ndiyo orodha yako ya kazi kwa miezi sita.

Ukiwa hapo utagundua pia kwamba mshindani unayepambana naye kila siku ni hilo daftari lenyewe, likisaidiwa na kundi la WhatsApp. Ni mshindani mgumu. Halizimi chaji, halidai nywila, na mwanachama yeyote anaweza kuinama akaona limeandikwa nini. Usilidharau. Programu yako lazima ilishinde kwa mbali katika jambo moja, na mengine angalau isizidiwe.

Hatua ya 2: Chagua siku inayouma

Jambo hilo moja, kwa vikoba, ni siku ya kuvunja. Mwaka mzima daftari linatosha. Siku ya kugawana ndipo katibu anapokesha na kikokotoo, watu wakiwa wameshaahidi ada za shule na mabati.

Tazama hesabu yenyewe. Kikundi cha watu 28, hisa moja 5,000, mwaka mzima zimenunuliwa hisa 2,240. Michango ni 11,200,000. Riba na faini zimeufikisha mfuko 13,400,000. Gawanya kwa hisa, unapata 5,982 na vipande. Vipande unaviacha. Mwenye hisa 96 aliweka 480,000, sasa anastahili 574,272. Lakini shilingi 72 hakuna wa kumpa, kwa hiyo analipwa 574,200. Kama ana deni la mkopo la 200,000 linakatwa, anaondoka na 374,200. Ukishusha kila mtu hadi mia iliyo kamili, kinachobaki kwa kikundi chote hakifiki 3,100, na lazima ionekane kimekwenda wapi: mfuko wa jamii, au soda za kikao cha kufunga. Chenji hiyo ndogo ndiyo inayozaa maneno. Watu hawagombani kwa sababu ya milioni kumi na tatu. Wanagombana kwa sababu ya elfu tatu zisizo na maelezo.

Basi toleo la kwanza unalolipeleka mtaani lifanye hilo tu. Katibu anaingiza jina, idadi ya hisa na deni la kila mtu kutoka kwenye daftari lake la mwaka mzima, anaandika jumla ya fedha iliyopo sandukuni, programu inaongeza madeni hayo kupata mfuko mzima, anapata orodha. Skrini ionyeshe njia, isitoe jibu peke yake: mfuko huu, gawanya kwa hisa hizi, thamani ya hisa hii, mara hisa zako, toa deni, kilichobaki. Mwanachama aweze kurudia kwa kikokotoo cha simu yake akapata namba ileile. Imani inajengwa hapo.

Kikokotoo hicho kiwe bure, na kisidai kujisajili. Ni kipande kidogo, unaweza kukimaliza kwa wikendi chache, na kinakuingiza kwenye kikundi siku ambayo kila mtu yupo na kila mtu anaangalia.

Hatua ya 3: Usishike pesa za watu

Kishawishi kitakuja mapema. Mtu atakuambia: kwa nini michango isipitie humohumo? Kataa. Ukianza kupokea na kuhifadhi fedha za wanachama unaingia kwenye mifumo ya malipo inayosimamiwa na Benki Kuu, na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imeshaviweka vikundi vya kijamii katika daraja lake la nne, vikisajiliwa kupitia halmashauri. Huko ndiko mkubwa ana leseni, wanasheria na mtaji. Wewe andika kumbukumbu. Pesa zibaki sandukuni, benki au kwenye simu, wanakotaka wenyewe. Faida yake ni kwamba kikundi kinachotumia benki yoyote au mtandao wowote bado ni mteja wako.

Taarifa za watu ni suala jingine, na hilo hulikwepi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya 2019. Majina, namba za simu na madeni ya watu ni taarifa binafsi. Jisajili kwa mamlaka inayohusika, kusanya kidogo kadiri unavyoweza, na usiombe namba ya NIDA kama huna kazi nayo.

Hatua ya 4: Itengenezee simu ya katibu

Simu yako ya kujaribia ni nzuri mno. Nunua itel au Tecno ya bei ya chini, iliyotumika, yenye kioo chenye ufa na picha za harusi zilizojaza nafasi yote. Kama programu haifunguki vizuri hapo, haijafunguka.

Mambo ninayoyashikilia bila mjadala:

– Kila kitu kifanye kazi bila mtandao. Vikao vinafanyika chini ya mwembe au kwenye baraza la msikiti, na bando linaisha katikati ya hesabu. Mtandao uhitajike kwa kutuma nakala tu.

– Uzito uwe mdogo. Programu ya megabaiti 60 itafutwa siku simu itakaposema imejaa. Ondoa maktaba za msimbo usizozihitaji, ondoa picha za kupamba.

– Usitegemee kusoma SMS za miamala moja kwa moja. Google ilibana sana ruhusa hiyo kwenye Play Store tangu 2019, na programu nyingi ziliondolewa au kubadilishwa kwa ajili yake. Badala yake mruhusu katibu anakili ujumbe wa muamala, aubandike kwenye programu, kisha programu itoe humo jina, kiasi na tarehe. Ni hatua moja zaidi kwake, lakini hakuna atakayekufungia.

– Nakala ya kumbukumbu isitegemee akaunti ya Google. Simu nyingi akaunti yake ilifunguliwa na kijana wa duka la simu siku iliponunuliwa, na nywila anaijua yeye, kama bado anaikumbuka. Siku simu ikiibiwa kwenye daladala, katibu hana pa kuanzia. Nashauri msimbo wa kurejesha unaoandikwa kwa kalamu kwenye jalada la ndani la daftari, pamoja na namba ya simu ya mtu wa pili, kwa kawaida mweka hazina. Kikundi kikipoteza kumbukumbu za miezi minane kwa sababu yako, habari itafika kata nzima kabla hujapata nafasi ya kuomba radhi.

Juu ya hayo kuna jambo la uaminifu ambalo daftari na sanduku vilishalitatua. Mfumo wa vikundi hivi vya akiba, ambao shirika la misaada la CARE waliuanzisha Niger mwaka 1991, una sanduku la kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti. Hakuna anayefungua peke yake. Programu nyingi zinampa katibu uwezo wa kubadilisha chochote wakati wowote, halafu mtengenezaji anashangaa wanachama hawaiamini. Weka kufuli tatu ndani ya programu: kikao kikiisha, watu watatu wanaingiza namba zao za siri kwenye simu hiyohiyo, na kuanzia hapo kumbukumbu za siku hiyo hazibadilishwi. Kosa likionekana baadaye linaandikwa kama sahihisho jipya lenye tarehe na jina, na la zamani linabaki likionekana. Nikiulizwa ni kipengele gani kimoja cha kuanza nacho baada ya kikokotoo cha kuvunja, ni hiki.

Hatua ya 5: Play Store bila papara

Ada ya kufungua akaunti ni dola 25, mara moja. Akaunti binafsi zilizofunguliwa baada ya Novemba 13, 2023 zina sharti la ziada: kabla ya kuruhusiwa kuitoa programu kwa umma, lazima ijaribiwe na watu wasiopungua 12, kwa siku 14 mfululizo. Mwanzoni walitaka watu 20. Watu wengi wanalipa vikundi vya mitandaoni vinavyojaza idadi hiyo kwa kubofyabofya. Naona ni kutupa bahati. Wachukue makatibu na waweka hazina wa vile vikundi ulivyokaa navyo, wasaidie kuingia mmoja mmoja, na siku hizo 14 ziwe majaribio ya kweli.

Jina la programu lina nafasi ya herufi 30, maelezo mafupi 80. Andika maneno ambayo katibu angeyaandika mwenyewe akitafuta. "Kikoba: Hisa, Mikopo, Kuvunja" inatosha kwenye 30. "Daftari la kikoba kwenye simu. Hisa, faini na mikopo, hata bila bando." inatosha kwenye 80. Majina ya kupendeza yasiyosema kazi, yale ya kuunganisha neno la Kiswahili na "pay" au "hub", waachie wenye bajeti ya kulifundisha taifa maana yake. Ukurasa wa Kiswahili uandike wewe, usiache mashine ikutafsirie. Picha za skrini zionyeshe namba halisi za kikao, zenye majina ya kubuni, badala ya mwanamitindo anayetabasamu na simu.

Play Store pia inakupima kwa ubora. Kama zaidi ya asilimia 1.09 ya watumiaji wa siku wanakutana na programu kujifunga ghafla, au zaidi ya asilimia 0.47 inawagandia, inaonekana kidogo kwenye utafutaji. Kipimo kingine wengi hawakifuatilii: asilimia 8 kwa aina moja ya simu. Ukiwa na kasoro inayotokea kwenye itel moja tu, wenye simu hiyo wanaweza kuonyeshwa onyo kwenye ukurasa wako. Kwa mtu mwenye watumiaji kwenye simu za bei ya chini, hicho ndicho cha kuangalia kila wiki.

Yale majaribio ya kulinganisha aikoni mbili au picha mbili, yaache kwanza. Kwa idadi ya watu wanaofika kwenye ukurasa wako mwanzoni, majibu yake ni bahati nasibu.

Hatua ya 6: Fuata kalenda ya vikundi

Kikundi hakibadilishi namna ya kutunza hesabu mwezi wa tano. Kimeshaanza mzunguko na daftari, kitaumaliza na daftari. Ukipeleka nguvu zako zote mwezi huo utapata watu wanaosema "nzuri sana" na hawarudi. Dirisha lipo mara moja kwa mwaka, na kwa vikundi vingi vinavyovunja Desemba ili watu wapate fedha za sikukuu na ada za Januari, dirisha ni Novemba hadi katikati ya Januari.

Panga mwaka wako kwa hilo. Februari hadi Agosti kaa na vikundi ulivyonavyo, rekebisha, sikiliza. Septemba na Oktoba malizia toleo, kisha lijaribu kwenye simu mbovu. Novemba toka na kikokotoo cha kuvunja. Siku ya kuvunja, orodha ikiwa imetoka sawa na watu wameridhika, katibu aone kitufe kimoja: "Anza mzunguko mpya na majina haya haya". Wanachama wako tayari ndani, kinachobaki ni bei mpya ya hisa na tarehe ya kikao cha kwanza. Hapo ndipo mtumiaji wa siku moja anageuka wa mwaka mzima.

Vipo vikundi vinavyovunja Juni, na vya wakulima vinavyofuata mavuno. Andika tarehe ya kuvunja ya kila kikundi unachokutana nacho, hata kilichokukatalia. Wiki tatu kabla, mtumie katibu ujumbe mmoja:

"Shikamoo mama. Ni yule kijana wa hesabu za kikoba tuliyeonana kwenye kikao chenu. Nakumbuka mnavunja mwisho wa mwezi huu. Kile kikokotoo cha kugawana ni bure, nakuwekea hapa chini. Ukikwama popote nipigie hata usiku, nitakupigia mimi usitumie salio lako."

Maneno ya mwisho yana uzito kuliko tangazo lolote utakalolipia. Kampuni yenye kituo cha huduma kwa wateja haiwezi kuyasema, maana simu yake inaanza na "kwa Kiswahili bonyeza moja".

Hatua ya 7: Kila kikao kikutangaze

Hesabu ya ukuaji ni hii. Katibu mmoja ana wanachama 28, na wengi wao wapo kwenye kikundi cha pili, cha kanisani au cha ukoo. Kwa hiyo katibu mmoja aliyeridhika ana mlango wa vikundi kadhaa ambavyo huvijui, ilimradi wanachama waione kazi.

Wengi wao hawatapakua programu yako kamwe, na usiwalazimishe. Baada ya kikao, programu imtengenezee kila mmoja taarifa fupi ambayo katibu anaituma kwa WhatsApp kwa kubonyeza mara moja: "Leo umeweka hisa 3. Jumla yako hisa 61. Deni lililobaki 120,000. Kikao kijacho Jumapili saa 9 alasiri." Chini kabisa, kwa mstari mmoja, jina la programu. Usitumie njia za kificho za kutuma ujumbe kwa mkupuo kupitia WhatsApp, namba ya katibu itafungiwa na lawama utazibeba wewe. Fungua WhatsApp ya kawaida ikiwa na ujumbe umeshaandikwa, yeye abonyeze tuma. Wasio na simu janja wapelekewe SMS, na gharama yake iwemo kwenye bei yako.

Mwanachama aliyezoea taarifa hiyo kwenye kikundi kimoja ataiulizia kwenye kingine. "Mbona huku hatutumiwi?" Swali hilo likiulizwa na mwanachama mbele ya kikao lina nguvu kuliko wewe kusimama na projekta.

Nje ya wanachama kuna watu wawili wa kuwafahamu. Mwalimu wa vikoba, yule anayeanzisha vikundi na kuvifundisha wiki za mwanzo, na afisa maendeleo ya jamii wa kata, ambaye vikundi vinapita kwake wakati wa kujisajili na kuomba mikopo ya halmashauri. Mwalimu mpe toleo la kufundishia lenye kikundi cha mfano. Afisa anahitaji ripoti safi za kuchapisha. Mtengenezee karatasi ya ukurasa mmoja anayoweza kuiweka kwenye faili, na usimwombe akutangaze. Matangazo ya kulipia mtandaoni siyazungumzii, kwa bajeti ya mtu mmoja mkubwa atakuzidi dau kila siku.

Hatua ya 8: Toza, na toza kwa mzunguko

Bure milele inamnufaisha mwenye mtaji. Ukiwa bure, mkubwa naye akiwa bure, yeye ana mshahara na wewe huna. Mfano mzuri uko Marekani. Maciej Cegłowski alianzisha Pinboard Julai 2009, huduma ya kuhifadhi viungo vya kurasa za intaneti, akatoza ada ya kujiunga iliyopanda kidogo kidogo kadiri watu walivyoongezeka. Mshindani wake Delicious ilikuwa bure, kubwa, na mali ya Yahoo. Desemba 2010 ikavuja habari kwamba Yahoo inakusudia kuiacha Delicious, na watu wakamiminika kwa Cegłowski, ambaye alikuwepo kwa sababu wateja wake walikuwa wanamlipa. Mwaka 2017 aliinunua Delicious kwa dola 35,000.

Vikoba havina utamaduni wa kulipia kitu kila mwezi kwa kadi. Vina ada ya mwanzo wa mzunguko na mfuko wa uendeshaji unaonunua daftari na kalamu. Bei yako ikae hapohapo: malipo mara moja kwa mzunguko, kwa kichwa. Elfu moja kwa mwanachama, kikundi cha 28 kinalipa 28,000 kwa mwaka. Kiasi hicho kinaeleweka kikaoni bila maelezo, na mweka hazina anakiandika kwenye mstari mmoja. Toa risiti yenye jina la kikundi, tarehe na muhuri. Asipokuwa na karatasi ya kuonyesha, utamweka pabaya mbele ya wenzake.

Soma sera ya malipo ya Google kabla ya kuweka kitufe cha kununua ndani ya programu. Ukiuza huduma ya kidijitali humo ndani, kwa kawaida unatakiwa kutumia mfumo wao, na kwa mpango ulioanza Julai 2021 wanachukua asilimia 15 kwenye dola milioni moja ya kwanza ya mwaka. Kikundi kinachokubaliana na wewe kikaoni na kulipa kwa Lipa Namba, kisha kikaingia tu kwenye programu isiyo na kitufe wala kiungo cha kununua, ni mpango mwingine. Hakikisha unaelewa mpaka uko wapi wakati unapotoa toleo, kwa sababu sera hizi hubadilika.

Hatua ya 9: Nyota moja

Jibu kila lalamiko kwenye Play Store, kwa jina la mtu, kwa lugha aliyoandika, bila kunakili jibu la jana. "Pole sana dada. Tatizo la deni kujirudia mara mbili tumeliona kwenye simu za Android 10, toleo la leo limelirekebisha. Ukisasisha na bado lipo, naomba uniandikie kwenye namba iliyo ndani ya programu." Anayesoma jibu hilo ni katibu mwingine anayefikiria kupakua. Usinunue nyota, na usitoe zawadi kwa wanaoandika maoni, Google inakataza. Omba maoni mara moja tu, baada ya kuvunja kwenda sawa.

Hatua ya 10: Pima mambo mawili

Idadi ya waliopakua inafaa kwa kuwaambia ndugu. Unachotakiwa kukijua ni vikundi vingapi vimeandika vikao vitatu mfululizo, na vingapi vimeanza mzunguko wa pili. Vya kwanza vinakuambia kama programu inaeleweka. Vya pili vinakuambia kama una biashara. Kikundi kikiacha katikati, piga simu. Mara nyingi utakuta katibu amebadilishwa kwenye uchaguzi, na mpya hakukabidhiwa. Hilo ni tatizo la kutatua kwenye programu: kitufe cha kukabidhi ofisi, kinachohamisha kila kitu kwenda simu ya katibu mpya kwa idhini ya zile kufuli tatu.

Hatua ya 11: Mkubwa akigeuka

Anaweza kukugeukia kwa njia tatu. Ya kwanza, kukufungia mlango unaopitia. Christian Selig alikuwa na Apollo, programu iliyopendwa sana ya kusomea Reddit. Mwaka 2023 Reddit ilitangaza bei mpya za kutumia mfumo wake, Selig akakokotoa kwamba angedaiwa takriban dola milioni 20 kwa mwaka, na Juni 30, 2023 akaifunga. Basi orodhesha kila kitu ambacho programu yako inategemea na ambacho mtu mwingine anaweza kukizima: kuunganishwa na mtandao wa simu, SMS, WhatsApp, Play Store yenyewe. Kila kimoja kiwe na njia mbadala inayojulikana kabla ya tatizo, hata kama ni kuandika kwa mkono.

Ya pili, kukuiga. Akitoa kikokotoo cha kuvunja, usishushe bei wiki hiyohiyo. Kaa na makatibu watano, muombe kila mmoja ajaribu kuingiza kikundi chake halisi kwenye cha mkubwa mbele yako, na uandike anapokwama. Mara nyingi atakwama kwenye yale maandishi ya pembeni mwa daftari. Hapo ndipo pa kuongeza nguvu. Asipokwama popote, ongea nao ujue kazi gani nyingine inawauma, na uanze tena hatua ya kwanza.

Ya tatu, kukualika mezani: ushirikiano, au kununuliwa. Nenda na mwanasheria. Kabla ya kuonyesha chochote, jua kwamba taarifa za wanachama si mali yako ya kuuza. Walikupa kwa ajili ya hesabu za kikundi chao, na sheria ya 2022 inakubana kuzitumia kwa jambo jingine bila ridhaa yao. Na hata kama hutauza, weka leo hii kitufe cha kutoa kumbukumbu zote za kikundi kwenye faili la Excel na karatasi za kuchapisha, bila malipo na bila kukuomba ruhusa.